Tarihi ya Uangalizi wa Mgonjwa Mahututi na Kazi ya Muuguzi

Kitenzi "ugua" katika Kiswahili kina maana mbili zilizo jirani: kushikwa na maradhi, na kutoa sauti ya maumivu. Kutokana nacho limepatikana neno "uguza", kama "punguza" lilivyopatikana kutokana na "pungua". Kwa umbo lake "uguza" ni kitenzi cha kusababisha, na mtu asiyeijua lugha angeweza kudhani kwamba kumwuguza mtu ni kumtia ugonjwa. Matumizi ya wenyewe ni mengine kabisa. Kumwuguza mtu ni kukaa naye katika ugonjwa wake: kumlisha, kumgeuza, kumnywesha dawa, kumsikiliza anapougua, na kumwangalia mchana na usiku. Mwuguzi basi, kwa asili ya jina lake, ni mtu aliyepo. Daktari huja akaenda, mwuguzi hubaki.

Tofauti hii ndogo ya kuja na kubaki ndiyo ufunguo wa tarihi inayoelezwa hapa. Vipimo ambavyo leo hutumika kumwangalia mgonjwa mahututi, yaani mapigo ya moyo, joto la mwili, shinikizo la damu, fahamu, oksijeni ya damu na hesabu ya pumzi, vingi vyao vilizaliwa mikononi mwa matabibu na wataalamu. Kila kimoja kwa muda fulani kilikuwa chombo cha elimu tu. Kilianza kuokoa maisha ya watu wengi pale kilipopita mkononi mwa yule aliyepo saa zote, tena akapewa idhini ya kutenda kwa yale anayoyaona. Mahali palipokosekana mojawapo ya mambo hayo mawili, kipimo kilibaki kuwa tarakimu katika karatasi.

Mshipa na saa

Mshipa wa mkono ndio kipimo cha kale kuliko vyote. Huko Iskandaria ya Misri, yapata miaka 300 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, aliishi tabibu Mgiriki jina lake Herophilus, ambaye inasemekana alipima mapigo kwa saa ya maji. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alieleza habari za mshipa kwa urefu katika kitabu chake cha Kanuni ya utabibu, akitazama nguvu yake, wepesi wake, upana wake na mpangilio wake. Utabibu wa Kiarabu uliofika pwani ya Afrika Mashariki pamoja na maneno "tabibu", "homa" na "dawa" ulikuwa na asili katika elimu hiyo.

Walakini matabibu wa kale waliueleza mshipa kwa sifa zaidi ya idadi. Mwaka 1707 daktari Mwingereza John Floyer alichapa kitabu juu ya saa aliyoitengenezesha makusudi, iliyokwenda kwa dakika moja kamili ili mapigo yahesabiwe. Madaktari wengi wa zama zake hawakuifuata njia hiyo. Zaidi ya karne moja ilipita kabla ya kuhesabu mapigo kwa saa kuwa desturi ya kila siku hospitalini. Chombo kilikuwapo, aliyekosekana ni mtu wa kukitumia kila baada ya saa chache na kuandika alichokipata.

Elimu ya kutazama

Wanawake waliouguza majeruhi wametajwa tangu zamani. Riwaya za Kiislamu zinamtaja Rufaida wa kabila la Aslam, aliyekuwa na hema katika msikiti wa Madina, na humo Saad bin Muadh aliuguzwa baada ya kujeruhiwa katika Vita vya Handaki. Lakini kazi ya kumtazama mgonjwa haikuandikwa kama elimu ya kufundishwa darasani mpaka katikati ya karne ya kumi na tisa.

Mwezi wa Novemba 1854 Florence Nightingale aliwasili Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul, pamoja na wauguzi 38, kuwahudumia askari wa Kiingereza wa vita vya Krimu. Kitabu chake juu ya uuguzi kilitolewa mwaka 1859, na mwaka uliofuata skuli ya wauguzi ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas', London. Katika kitabu hicho aliweka mlango mzima juu ya kumchunguza mgonjwa kwa macho. Lawama yake kubwa ilikuwa juu ya majibu yasiyo na kitu ndani yake. Mtu akiulizwa hali ya mgonjwa akajibu kwamba hajambo kidogo, au kwamba alilala vizuri, hakusema neno la kumsaidia daktari. Alilala saa ngapi? Aliamka mara ngapi? Alikula nini, na kiasi gani? Nightingale alidai habari badala ya maoni, naye aliona kwamba uwezo wa kutoa habari ya namna hiyo haupatikani kwa huruma peke yake. Hufundishwa, na hujengwa kwa mazoezi.

Joto na chati

Mwaka 1868 daktari Carl Wunderlich wa Leipzig alitoa kitabu juu ya joto la mwili katika maradhi, kilichotokana na vipimo vya wagonjwa wapatao 25,000. Kwa kitabu hicho hali iliyoitwa homa, ambayo mpaka hapo ilihesabiwa kuwa ugonjwa wenyewe, ilianza kutambulikana kuwa dalili ya magonjwa mbalimbali. Kila ugonjwa ukaonekana kuwa na mwendo wake wa kupanda na kushuka.

Kipimajoto cha siku zile kilikuwa kirefu, nacho kiliwekwa kwapani kwa muda wa dakika ishirini hivi. Ni dhahiri kwamba daktari mmoja hakuweza kukaa dakika ishirini kwa kila mgonjwa, asubuhi na jioni. Kazi hiyo iliwahitaji wasaidizi waliofundishwa. Daktari Mwingereza Clifford Allbutt alipobuni kipimajoto kifupi, katika miaka ya 1866 na 1867, kilichotoa jibu kwa dakika tano, njia ilifunguka kabisa: kipimo kikaingia katika mfuko wa mwuguzi.

Pamoja na kipimajoto ilikuja chati, nayo inastahili kutazamwa kama uvumbuzi wa peke yake. Macho ya mwuguzi mmoja huona hali ya saa ile tu. Zamu yake ikiisha, anaondoka na aliyoyaona. Chati ndiyo kumbukumbu ya wodi. Humwezesha anayeingia usiku kujua kwamba mgonjwa aliyelala kimya mbele yake alikuwa na mapigo 84 mchana, 98 magharibi, na 116 sasa. Kila tarakimu peke yake haitishi sana. Zikipangwa pamoja zinaonyesha mtu anayeteremka.

Mkanda wa mkono

Mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci wa Turin alieleza chombo cha kupima shinikizo la damu kwa mkanda wa mpira uliofungwa mkononi na kujazwa upepo, ukaunganishwa na mrija wa zebaki. Mwaka 1901 daktari wa upasuaji wa Marekani, Harvey Cushing, alikiona chombo hicho katika hospitali ya Pavia akakipeleka kwao. Mwaka 1905 Nikolai Korotkov wa Petersburg alionyesha kwamba mkanda ukilegezwa polepole, huku stetoskopu imewekwa juu ya mshipa chini yake, husikika sauti zinazoanza na kukoma, na sauti hizo hutoa namba ya juu na namba ya chini.

Wako madaktari waliokipinga chombo hicho, wakishikilia kwamba kidole cha bingwa hujua zaidi. Hoja yao haikuwa ya upuuzi, maana kidole hutambua ubaridi wa ngozi na unyonge wa mshipa, mambo ambayo mkanda hauyasemi. Lakini kidole cha bingwa kina kasoro moja: hakiwezi kuachwa wodini bingwa anapokwenda kulala. Mkanda huweza. Hapo mwanzo kupima presha kulikuwa kazi ya daktari, na baadaye kukawa kazi ya mwuguzi. Ndipo ikawezekana kumfuata mtu aliyetoka damu nyingi, au mzazi mwenye kifafa cha mimba, kila robo saa mpaka kulipokucha.

Copenhagen, mwaka 1952

Katika kiangazi cha mwaka 1952 mji wa Copenhagen ulipatwa na tauni ya polio ambayo haijapata kuonekana huko. Hospitali ya Blegdam iliwapokea wagonjwa hata 50 kwa siku moja, na wengi wao walipooza koo na misuli ya kupumulia. Hospitali nzima ilikuwa na mashine moja kubwa ya chuma ya kumsaidia mtu kupumua, na nyingine ndogo sita za kufungwa kifuani. Katika wagonjwa 31 wa kwanza waliotiwa katika mashine hizo, 27 walikufa.

Mganga mkuu, H. C. A. Lassen, alimwita Bjørn Ibsen, daktari wa dawa za usingizi. Wagonjwa hao kabla ya kufa walitoka jasho, presha yao ilipanda, na damu yao ilionekana kuwa na kaboni nyingi. Waliowatibu walidhani kwamba hilo ni badiliko lisiloeleweka la damu yenyewe. Ibsen alisema kwamba hawapumui vya kutosha, na hewa chafu inawajaa. Tarehe 27 Agosti, msichana wa miaka 12 aliyekuwa karibu kufa alitobolewa koo, akatiwa mrija, na Ibsen akamsukumia hewa kwa mfuko wa mpira uliobinywa kwa mkono. Hali yake ikatengenea. Tangu hapo, mchana na usiku, wanafunzi wapatao 1,500 wa udaktari na wa meno walibinya mifuko hiyo kwa zamu, kila mmoja akikaa kitandani kwa mgonjwa wake, na wauguzi pamoja nao. Vifo, vilivyokuwa 87 katika kila wagonjwa 100 wa namna hiyo, vilishuka hata chini ya nusu.

Mwaka 1953 Ibsen alianzisha katika hospitali nyingine ya mji huo chumba maalumu cha wagonjwa mahututi, na kwa ajili hiyo aghalabu huhesabiwa kuwa mwasisi wa vyumba vya namna hiyo. Mafunzo ya Copenhagen ni mawili. La kwanza, dalili zilikuwapo tangu siku ya kwanza, nazo zilionekana na watu wote. Upungufu ulikuwa katika kuzifasiri. La pili, tiba yenyewe ilikuwa ni mtu kukaa kando ya kitanda bila kuondoka. Mgonjwa mwenye mrija kooni hawezi kuita. Uhai wake hutegemea kutazamwa.

Idhini ya kutenda

Mwaka 1962 huko Kansas City, Marekani, daktari Hughes Day alifungua wodi maalumu ya wagonjwa wa moyo, ambamo mwendo wa umeme wa moyo ulionyeshwa katika kioo saa zote. Katika miaka iliyofuata wodi kama hizo zilifunguliwa mahali pengi. Hapo lilizuka swali lililokuwa limejificha siku nyingi. Moyo ukianza kutetemeka bila kusukuma damu, ubongo huharibika kwa dakika chache. Mwuguzi anaona katika kioo. Daktari yuko nyumba ya tatu. Je, asubiri?

Jibu lilikuwa kwamba asisubiri. Wauguzi walifundishwa kuusoma mstari wa umeme na kuustusha moyo kwa mashine wao wenyewe, jambo ambalo zamani lingehesabiwa kuwa kumwingilia daktari katika kazi yake. Faida kubwa ya wodi hizo ilipatikana hapo. Kioo peke yake kingaliwaonyesha watu wakifa kwa ufasaha zaidi kuliko zamani.

Fahamu na lugha

Kiswahili kina maneno mengi juu ya mtu asiye katika fahamu zake: amezimia, amezirai, amepotewa na fahamu, yu katika nusu kaputi. Lugha nyingine zina maneno kama hayo, na kasoro yao ni moja: hayana kipimo. Mwuguzi wa mchana akiandika kwamba mgonjwa amelegea, na wa usiku akaandika kwamba ana usingizi mzito, hakuna awezaye kujua kama hali imebadilika au waandishi wamebadilika.

Mwaka 1974 Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow walitoa kipimo kilichoyaacha maneno ya sifa, kikauliza mambo matatu yanayoonekana: mgonjwa hufumbua macho kwa sababu gani, hujibu maneno gani, na husogeza viungo namna gani. Kwa kipimo kinachotumika leo jumla huanzia 3 mpaka 15. Kilitengenezwa kwa makusudi ya kutumiwa na wauguzi na madaktari vijana pia, na watu wawili wakimtazama mgonjwa mmoja wapate jibu moja.

Sehemu ya maneno katika kipimo hiki inawahusu wataalamu wa lugha hasa. Mgonjwa huulizwa jina lake, mahali alipo, na wakati. Katika Afrika Mashariki saa huhesabiwa tangu kucha na tangu kuchwa. Mzee akiulizwa kwa Kiingereza ni saa ngapi, naye akajibu kwa hesabu ya Kiswahili kwamba ni saa tatu hali saa ya ukutani inaonyesha tisa, atakuwa amejibu sawa. Lakini asiyejua desturi hiyo atamwandika kuwa amechanganyikiwa. Hatari iko pia katika chati, ambamo "saa nane usiku" huweza kusomwa kuwa saa mbili usiku na mtu aliyezoea hesabu ya Kizungu, na dawa ikatolewa mbele au nyuma ya wakati wake kwa muda wa saa sita.

Kadhalika mgonjwa husema kwa lugha ya kwao. "Siwezi" kwa wazee wa pwani ni habari ya ugonjwa kwa jumla, wala si lazima iwe ni kushindwa kusimama. "Moyo wanienda mbio" huweza kuwa habari ya mapigo, nayo huweza kuwa habari ya hofu. Na mgonjwa wa bara anayejua Kiswahili kwa kujifunza ukubwani, akizidiwa, huweza kurudi katika lugha ya mama yake. Asiyemjibu mwuguzi kwa Kiswahili pengine angemjibu jamaa yake. Kwa hiyo kumwita jamaa azungumze naye ni sehemu ya kupima fahamu, wala si hisani tu.

Oksijeni na rangi ya ngozi

Katika mwaka huo huo wa 1974 mhandisi wa Kijapani Takuo Aoyagi alieleza njia ya kupima oksijeni ya damu kwa kupitisha mwanga katika mwili bila kumchoma mtu sindano. Kutokana nayo kimepatikana kile kidude cha kubana kidoleni ambacho sasa kimeenea duniani. Kabla yake mwuguzi alitegemea kuona midomo na kucha zikigeuka samawati, dalili ambayo huchelewa, na katika ngozi nyeusi ni ngumu zaidi kuonekana.

Ilidhaniwa kwamba kidude hicho kimeiondoa shida hiyo. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha vingine. Waliwatazama wagonjwa ambao kidude kilionyesha oksijeni ya 92 hadi 96 katika 100, kisha wakalinganisha na damu iliyotolewa mshipani. Miongoni mwa Wamarekani weupe, 3.6 katika 100 walikuwa kwa kweli chini ya 88; miongoni mwa weusi, 11.7 katika 100. Kwa hospitali za Afrika habari hii ni nzito. Haimwambii mwuguzi akitupe chombo. Inamwambia kwamba namba njema isimnyamazishe ikiwa mgonjwa anahema, pua zinapanuka, na hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja.

Pumzi iliyosahauliwa

Kuhesabu pumzi hakuhitaji chombo ila saa. Hata hivyo ndicho kipimo kinachoonewa kuliko vyote. Yapasa kuhesabu kwa dakika nzima, mgonjwa asijue, maana akijua hubadilisha mwendo. Na mwenye haraka hukisia, akaandika 18 au 20 kwa kila kitanda. Wala si kwamba kipimo hicho ni hafifu. Mwili unaokosa oksijeni au uliojaa sumu ya maradhi huongeza pumzi mapema, mara nyingi kabla presha haijaanguka.

Mwaka 1990 ulitolewa uchunguzi wa watu 64 ambao mioyo yao ilisimama hospitalini. Katika 84 kwa kila 100, dalili za kuharibika kwa hali zilikuwa zimeandikwa ndani ya saa nane zilizotangulia. Ziliandikwa, wala hazikuitikiwa. Mwaka huo huo hospitali ya Liverpool katika mji wa Sydney ilianzisha kikosi cha kuitwa kabla moyo haujasimama, na miongoni mwa sababu zilizoruhusiwa za kukiita ilikuwa wasiwasi wa mhudumu juu ya mgonjwa wake. Mwaka 1997 Waingereza walichapa habari za hesabu ya kutahadharisha mapema, na mwaka 2012 Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha London kilitoa hesabu moja kwa nchi nzima, iliyorekebishwa mwaka 2017. Pumzi, oksijeni, presha, mapigo, fahamu na joto, kila kimoja hupewa alama toka 0 mpaka 3. Mwenye kusaidiwa kwa oksijeni huongezewa alama 2. Pumzi 12 hadi 20 kwa dakika hazina alama. 25 au zaidi zina alama 3. Jumla ikifika 5 daktari huitwa kwa haraka. Ikifika 7 ni dharura. Shabaha ya hesabu hiyo ni adabu kama ilivyo tiba: humwondolea mwuguzi mdogo haya ya kumwamsha mkubwa usiku.

Muhimbili

Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ambayo katika mwaka 1956 ilipewa jina la Princess Margaret, inatoa mfano wa karibu. Katika chumba cha mahututi cha hospitali hiyo ilijaribiwa njia nyepesi, na habari zake zikachapwa mwaka 2015. Mipaka ya hatari ya kila kipimo iliwekwa wazi, na pamoja na kila mpaka likaandikwa jambo la kutenda mara moja: mgonjwa ageuzwe, apewe oksijeni, atiwe maji mshipani, daktari aitwe. Hakikuletwa chombo cha ajabu. Miongoni mwa wagonjwa walioingia na presha ya chini, vifo vilishuka kutoka 92 katika kila 100 hadi 69. Kwa wagonjwa wote pamoja hesabu ya vifo haikubadilika, jambo linaloonyesha jinsi mzigo ulivyo mzito na jinsi wengi wanavyofika wamechelewa.

Mfano huo unaikusanya tarihi yote iliyotangulia. Saa ya Floyer, kipimajoto cha Leipzig, mkanda wa Turin, mfuko wa mpira wa Copenhagen na kidude cha kidoleni vyote viliongeza yale yanayoweza kujulikana juu ya mtu aliye kitandani. Lakini mtu huyo aliokolewa pale tu alipokuwapo wa kuhesabu, wa kuandika, wa kulinganisha na jana, na wa kuita akasikilizwa. Nchi inayonunua mashine na kupunguza wauguzi wa zamu ya usiku imenunua nusu ya kitu. Nusu iliyobaki Kiswahili kiliipa jina zamani: ni kuuguza.